Tajiri wa Waya na Watu wa Dirishani

Kwanza mnijue mie. Mtaani kwetu Tabata, upande wa relini, mie ni shujaa. Sikujiita, niliitwa. Husemwa kwamba mwaka ule tulipochagua mwenyekiti wa mtaa, mara ya kwanza tangu vyama viwe vingi, nilimzunguka Tajiri wa Waya kwa akili ya hali ya juu na kuliokoa darasa letu la jioni lisigeuzwe ukumbi wa video. Kwa ushujaa huo nimekalishwa mbele kwenye harusi nyingi kuliko shehe anayefungisha ndoa, na sahani yangu haijakosa paja la kuku. Sikuwahi kukanusha. Nani atakanusha na paja liko mdomoni?

Leo nataka kumweleza Tajiri mwenyewe, kwa sababu waliomjua wanapungua, na wanaobaki wanamweleza vibaya. Nikifika kwenye ule ushujaa wangu nitasema ulivyokuwa. Paja nimeshalimeza, hakuna atakayelidai.

Alikotoka sikujui, na sikuuliza. Nilimkuta yupo mtaani kama unavyoikuta nguzo ya umeme. Alikuwa mtu mfupi, mwembamba, amevaa kaunda suti ya kijivu, na kwenye mfuko wa kifuani, pale wakubwa wengine wanapochomeka kalamu, yeye alichomeka testa, ile bisibisi ndogo inayowaka taa ikigusa umeme. Hakutazama watu usoni. Alitazama mapaa yao. Ukimwamkia, "Shikamoo Tajiri," alijibu, "Marahaba, picha inakuja?" Hakutaka kujua habari za watoto wala afya ya mama mkwe. Picha ikija, basi nyumba nzima ni nzima.

Maana picha ilikuwa yake. Enzi za ruksa zilipoanza, biashara ikawa huru, wengine walileta mitumba, wengine mafuta ya kupikia, yeye alileta deki moja ya video, jenereta moja, na roli la waya mweusi ambalo mpaka leo nikilifikiria naona halikwisha. Televisheni watu walikuwa wameanza kuzipata, lakini huku bara hakukuwa na kituo hata kimoja cha kutazama. Ulikuwa na kabati la kioo linalong'aa sebuleni na kazi yake ni kuwekewa kitambaa cha kufuma na maua ya plastiki. Tajiri akavuta waya kutoka chumbani kwake, akaupitisha juu ya mabati, akauingiza nyumba hii, akautoa, akauingiza nyumba ile. Akitia kanda kwenye deki yake saa moja jioni, nyumba zote zenye waya zinaona picha ileile kwa wakati uleule. Mtu akicheka nyumba ya kwanza, kicheko kinaanguka mtaa mzima kama mvua. Juu ya nyumba yake alisimamisha antena ya kudaka picha za Unguja, ndefu kiasi kwamba ndege za kutua uwanja wa Kipawa, nasema kweli, zilikuwa zikijikunja ubavu kuipisha.

Siku moja, nikiwa nimetoka kusoma kipande cha gazeti kilichofungia maandazi, nilimwambia kuna watu Ulaya wanaitwa mabilionea, mmoja ana mitambo na magazeti na wabunge.

"Huyo ana waya?" akaniuliza.

"Sidhani kama anavuta mwenyewe."

"Basi watamkatia," alisema, akaendelea kutazama paa la jirani.

Mie aliniokota darasani. Nilikuwa karani wa stoo mchana, na jioni nasoma kwenye darasa la watu wazima lililokuwa ndani ya godauni la zamani la duka la ushirika. Duka lilikufa, harufu ya unga ikabaki, na Mwalimu wetu, mama mmoja wa kutoka bara aliyestaafu shule ya msingi, akaingiza mbao za kukalia na ubao mweusi. Mwalimu alikuwa haogopi mtu. Nilimaliza kwake nikiwa na cheti, na Kiswahili kilichonyooka kama rula, na kiburi ambacho hata treni ya Pugu ingeomba njia. Tajiri aliposikia kuna mtu anasoma kwa sauti bila kukanyagana na maneno, akaniita.

"Wewe ndiye msomi wa jioni?"

"Ndiye mie, Tajiri."

"Kaa hapo. Tazama hii kamera. Usipepese."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa mtangazaji. Kila jioni, kabla ya picha kuanza, nilikaa mbele ya pazia la bluu chumbani kwake na kusoma Matangazo ya Mtaa. Tajiri alinipa koti jeusi na tai. Suruali hakunipa, na chumba kile kilikuwa na joto la tanuri la mkate, basi juu nilikuwa waziri na chini nilikuwa na msuli kiunoni. "Wapenzi watazamaji wenye waya," ndivyo nilivyoanza, kwa sauti niliyoitoa tumboni, na mama watoto wangu aliniambia kwamba kwenye kioo shingo yangu inaonekana ndefu. Nililichukua kama sifa.

Sasa nieleze nguvu ya mtu yule, maana vijana wa leo hamtaamini. Fundi cherehani mmoja alimkatalia kupitisha waya juu ya paa lake. Alisema waya utaita radi. Tajiri hakugombana naye. Aliniambia tu, "Msomi, kuna fundi mwingine kule karibu na kisima, sijui kama watu wanamjua." Nikamtangaza yule wa kisimani wiki mbili mfululizo. Nikasema anashona hata mawazo ya mteja. Wiki ya tatu yule fundi wa radi alikuja mwenyewe na ngazi begani, akashikilia waya upigiliwe. Muuza nyama wetu, kwa upande wake, alielewa mapema: kila jioni nilitaja bucha lake kabla ya matangazo ya vifo, na vifo vilikuwa vingi, kwa hiyo alitajwa kwa heshima kubwa.

Tajiri alikuwa na msemo: "Habari haina mwenyewe. Waya ndio una mwenyewe." Nikadhani ni busara, nikauandika kwenye daftari. Msemo mwingine ulikuwa juu ya siasa: "Siasa ni jenereta. Wewe vuta kamba, kaa mbali, moshi wavute wengine." Mwaka wa kampeni vyama vyote vilipanga foleni kwake kuchukua vipaza sauti. Alivipa vyote. Chama kimoja kilipewa spika zinazokwaruza, na hakuna aliyejua ni kwa nini mgombea wao anasikika kama mtu anayekula mihogo mibichi.

Lakini msidhani alikuwa mtu wa chuma. Kwenye msiba, ukiwa rafiki ukiwa adui, jenereta yake ilifika kabla ya turubai, na taa zake ziliwaka mpaka siku ya tatu bila mtu kumwomba. Fundi wa radi alipofiwa na mama, Tajiri alikuja mwenyewe kufunga taa, na hakutazama paa.

Na alikuwa na aibu za ajabu. Picha ya Kizungu ikifika mahali pa kubusiana, alibonyeza deki iende mbele upesi, mpaka nguo zirudi mwilini. Miaka mitatu mtaa mzima uliamini kwamba Mzungu na Mzungu mwenzake wakikutana mlangoni, dakika ileile wanaonekana wana watoto wawili na mbwa. Mama mmoja aliniuliza, "Msomi, hawa wenzetu wanafanyaje?" Nikamwambia ni maendeleo.

La ajabu zaidi: huyu mwenye picha zote hakuwahi kuona mwisho wa picha. Alikuwa na machozi ya karibu. Picha za Kihindi hasa zilimmaliza. Zikibaki dakika kumi, wimbo wa huzuni ukianza, alisimama, akasema anakwenda kuangalia mafuta ya jenereta, na mafuta yaliangaliwa mpaka kanda ikaisha. Kesho yake aliniuliza kwa mbali, akijifanya anakaza skrubu, "Yule mtoto alipona?" Mie nikamsimulia. Nyingine nilimdanganya zikaisha vizuri.

Wengi wetu tulitazama bure. Nyumba moja yenye waya ilikuwa na watu sita ndani na arobaini dirishani. Tuliwaita watu wa dirishani: waliosimama juu ya ndoo, juu ya matofali, juu ya migongo ya wenzao. Wenye nyumba walilalamika. Mapazia yalitafunwa na watoto, fremu moja iliingia ndani na watu wake. Tajiri alivumilia, hata nikashangaa, mpaka maombi ya waya mpya yalipokwisha kabisa. Nani alipe ada na dirisha la jirani liko wazi?

Jumatatu moja akaniambia, "Andika kitu kikali."

Nikaandika. Nilitumia jioni nzima na kamusi ya darasani. "Wapenzi watazamaji wenye waya. Kuanzia leo, wasio na waya hawaruhusiwi kutazama dirishani. Mwenye waya atakayekutwa na watu dirishani, waya wake utakatwa papo hapo bila onyo, bila huruma, bila kurudishiwa." Hilo la mwisho sikujua lina maana gani, lakini lilikaa vizuri mdomoni. Kesho yake saa moja jioni mtaa ulisikika ta, ta, ta, mbao za madirisha zinafungwa moja baada ya nyingine. Watu wa dirishani walisimama uani wakitazama mbao. Nilijisikia mtu mkubwa. Mama watoto aliniuliza, "Hata yule jirani yetu mwenye mguu mbovu umemkusudia?" Nikamwambia sheria ni msumeno.

Mambo ya uchaguzi yalikuja juu ya hapo. Tajiri alilitaka godauni. Alitaka kuweka viti vya kupanga, skrini kubwa, na feni. Mwenyekiti wa mtaa ndiye angeamua godauni apewe nani, na aliyesimama kugombea kwa upande wa Tajiri alikuwa muuza nyama wetu. Upande wa pili alisimama Mwalimu.

Hapo ndipo nilipopata shida. Darasa lile lilikuwa limenitoa gizani. Zaidi ya hapo, mama watoto wangu mwenyewe alikuwa ameshaanza kusoma kwa Mwalimu, amefika mahali pa kuandika jina lake bila kuinua mkono, na kila jioni aliandika kwenye vumbi la meza, kwenye mvuke wa kioo, hata kwenye unga wa chapati kabla hajausukuma. Godauni likichukuliwa, Mwalimu hana pengine. Alituambia waziwazi: "Wanangu, mkikosa hapa, ndiyo basi. Mie sina nguvu ya kuanza tena."

Na mie nilikuwa na koti. Nitawaambia ukweli: koti lilishinda. Nilijiambia nitamsaidia Mwalimu baadaye, kwa njia nyingine, nikishakuwa mtu maarufu kiasi cha kutosha.

Siku tatu kabla ya kura tulikaa chumbani kwa Tajiri, yeye, muuza nyama na mie. Muuza nyama alikuwa analowa jasho.

"Yule mama ana wanawake wote," alisema. "Wanawake wa mtaa huu wakitoka nyumbani siku ya kura, mie nakwenda kuuza utumbo Kinyerezi."

"Basi wasitoke," alisema Tajiri.

"Utawafunga kamba?"

Wakanitazama. Na mie, mhitimu wa jioni, mwenye cheti, nikatoa shauri ambalo mpaka leo nikilikumbuka nafunika uso na kikoi. Nilisema: tuna picha mpya ya Kihindi, kanda mbili. Mama kipofu anauza bangili stesheni ya treni, na mwanawe aliyepotea utotoni amekuwa tajiri, anapita mbele yake kila siku. Jumamosi jioni tuwaonyeshe kanda ya kwanza, tuikatize pale kijana anaponyoosha mkono kununua bangili. Kanda ya pili tuitie Jumapili saa nane mchana, saa ileile kura zinapoanza. Kura zinafungwa saa kumi. Mwanamke gani atatoka?

Muuza nyama alinikumbatia, akanipaka mafuta ya mbuzi kwenye tai. Tajiri alitoa testa mfukoni, akaichomeka tena. Kwake hiyo ilikuwa makofi.

Jumamosi tukafanya. Kijana akanyoosha mkono, kanda ikakatika, nikatokea na shingo yangu: "Wapenzi watazamaji wenye waya, msikose kesho saa nane kamili." Mtaa ulilia kwa sauti moja.

Jumapili saa nane nikatia kanda ya pili. Koti nimevaa, msuli nimevaa. Nilisikia nyimbo zikitoka nyumba zote kwa pamoja na nikajisikia kama ninaushika mtaa mzima kwa kidole kimoja. Saa kumi kasorobo muuza nyama akaingia mbio, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

"Msomi! Watu wangu wako wapi?"

"Watu wako wanatazama picha."

"Na wa Mwalimu?"

"Nao wanatazama pi..."

"Wako uwanjani wote, kwenye kura! Mstari umefika relini! Hata yule mwenye mguu mbovu kabebwa!"

Tajiri alikuwa mlangoni. Hakupandisha sauti. "Msomi," alisema, "madirisha tulifunga lini?"

"Jumanne, Tajiri."

"Wenye waya ni kina nani?"

Nikawataja. Muuza chuma chakavu, mwenye mashine ya kusaga, yule wa bima, fundi wa radi, familia ya muuza nyama kwa matawi yake yote. Nilipokuwa nawataja ndipo akili ilipofika, kama treni ya mizigo. Wenye waya ndio waliokuwa wetu. Wa Mwalimu walikuwa watu wa dirishani. Hao hawakuona hata kanda ya kwanza, hawamjui kipofu wala bangili, na kwa sababu ya tangazo langu la bila huruma, mchana ule wa Jumapili hawakuwa na kitu kingine cha kufanya duniani isipokuwa kwenda kupiga kura. Tena kwa hasira.

Tajiri akaivuta plagi ukutani ili watu wetu watoke. Nikwambieni, hilo lilikuwa kosa kubwa kuliko langu. Ilikuwa imebaki robo saa picha iishe. Yule kipofu alikuwa ameinua mkono, anataka kumpapasa kijana usoni. Mara kelele ikapanda kutoka kwenye mabati. Wenye waya walitoka, ndiyo, walitoka wote, lakini si kwenda uwanjani. Walikuja getini kwa Tajiri.

"Jamani, kura!" alipiga kelele muuza nyama, akiwaonyesha njia kwa kiatu. "Zimebaki dakika kumi, nawaombeni!"

"Kura baadaye!" akajibu mkewe mwenyewe, machozi yakimtiririka. "Mama kamtambua mwanawe au hakumtambua?"

Tajiri akairudisha plagi. Umeme ulikuwa umekatika, na ule haukuwa wake. Akakimbilia jenereta, akavuta kamba, akavuta, akavuta. Yeye aliyetufundisha kukaa mbali na moshi alifunikwa na moshi mpaka hatukumwona. Saa kumi ikapita.

Mwalimu alishinda. Jioni yake darasani alinisimamisha mbele ya watu wote. Nilidhani ananifukuza. Akanishika bega: "Nilijua mwanafunzi wangu hawezi kunisaliti. Kufunga madirisha kwanza, halafu kuwawekea wenye waya picha saa ya kura! Hiyo ni akili." Watu wakapiga makofi. Mama watoto, mstari wa mbele, alinitazama kwa macho ambayo sikuwahi kutazamwa nayo hata siku ya ndoa. Nikafungua mdomo niseme. Makofi yakazidi. Nikaufunga.

Tajiri hakuniuliza kitu. Hakunifukuza. Aliacha tu kuniita Msomi. Akaniita "wewe." Na siku nikimwamkia alijibu marahaba, kisha hakuuliza kama picha inakuja. Baada ya mwezi nikamrudishia koti. Alilipokea, akakagua vifungo, akasema, "Umelitunza."

Haikuchukua muda vituo vya televisheni vikafunguliwa kweli, na kila mtu akajinunulia kijiantena chake cha vijiti. Waya haukukatwa na adui yeyote. Ulisahauliwa. Mama watoto wangu anaanikia nguo kwenye kipande chake mpaka sasa, na ni kamba imara kuliko zote nilizopata kununua. Tajiri aliuza nyumba, akahamia Gongo la Mboto. Nilisikia anatengeneza redio za watu, na wengine walisema anatengeneza bila kuwaambia watu walipe.

Jumapili moja alasiri, miaka kadhaa ilikuwa imepita, nilikuwa kibarazani nakata kucha. Nikaona mtu mfupi anakuja, kaunda suti imefifia, anatazama mapaa. Nikasimama.

"Shikamoo Tajiri."

"Marahaba. Nilimpelekea mtu redio hapo mbele." Akasita. "Nimesikia wimbo kwako."

Televisheni ilikuwa inawaka ndani na mama watoto ameketi mkekani karibu na dirisha, anachambua mchele. Mie sikuwa nimesikiliza. Nikasikiliza. Stesheni ya treni. Bangili.

"Karibu ndani, Mzee wangu."

"Hapana. Nitaonea hapa hapa." Akasogea dirishani, akashika nondo kwa mikono miwili, akalaza paji la uso juu yake. Alivyolaza, niliona si mara ya kwanza. "Mie nilianza hivi," alisema. "Kariakoo, kwa Mhindi mmoja. Alikuwa na projekta ukutani. Siku moja akafunga dirisha. Nikaapa nitakuwa na picha yangu." Akakohoa. "Halafu nikakwambia uandike kitu kikali."

Nikaenda nikasimama naye. Ndivyo tulivyokuwa: mwenye nyumba yupo nje anatazama televisheni yake mwenyewe kupitia nondo.

"Jambo moja," akasema bila kugeuka. "Ulifanya kusudi?"

Mama watoto aliacha kuchambua. Ungo ulitulia magotini.

Nikwambieni, jibu tamu lilikuwa tayari mdomoni. Miaka yote lilikuwa limenilisha. Nikisema ndiyo, nitabaki shujaa mbele ya mke wangu, na huyu mzee ataondoka akijua alimlea nyoka na kumvisha koti. Nikisema hapana, nyoka anakufa, na anayebaki ni mjinga.

"Hapana, Tajiri," nikasema. "Nilisahau. Nilisahau kabisa kama tulifunga madirisha."

"Ulisahau."

"Wallahi. Na tangazo nililiandika mwenyewe."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, kicheko kikavu cha mtu asiyekitumia mara kwa mara. "Alhamdulillahi," alisema. "Miaka yote nasema, yule kijana kanisaliti, mie nilimkosea nini? Kumbe ni ujinga tu! Ujinga nausamehe, Msomi. Hata mie nilikuwepo, nami nilisahau."

Msomi. Aliniita Msomi.

Ndani wimbo wa huzuni ulianza. Nilimwangalia Tajiri, nikisubiri aseme anakwenda kutazama mafuta. Hakwenda. Machozi yalimtoka, akayaacha yatoke, macho kwenye kioo. Kijana amepiga magoti stesheni. Kipofu ameinua mkono. Vidole vinakaribia shavu.

Mama watoto akainuka. Aliweka ungo chini polepole, akaja dirishani, akanitazama, na yale macho ya siku ile ya darasani hayakuwemo. Kisha akakohoa, akavuta shingo ikawa ndefu, na kwa sauti yangu, ile ya tumboni, neno kwa neno, akasema:

"Wapenzi watazamaji. Wasio na waya hawaruhusiwi kutazama dirishani. Bila onyo, bila huruma, bila kurudishiwa."

Ta. Mbao zikafungwa.

"Mama!" nikagonga. "Mama watoto, fungua!"

"Binti yangu!" Tajiri naye akagonga, kwa mpini wa testa. "Kamtambua? Tuambie tu, kamtambua?"

Ndani tukasikia stesheni nzima inalia, na mama watoto akicheka peke yake. Mlango wa mbele ulikuwa wazi, hatua tatu kutoka tuliposimama. Hatukuukumbuka hata mmoja wetu. Tulibaki palepale, tajiri wa waya na msomi wa jioni, tunagonga dirisha.